Vitabu vya Kusoma Kambu Mtihani Ukishapita

Mwanafunzi wa Kambu, Makueni, akimaliza kidato cha nne, vitabu vyake vya fasihi mara nyingi huuzwa, hupewa mdogo wake au husahauliwa juu ya kabati. Mtu mzima akiomba kitabu cha kusoma, tunamtajia cha dini au cha kutafuta mali, kana kwamba riwaya, tamthilia na mashairi ni kazi ya darasani tu. Kwa maoni yangu, orodha ya mtu mzima ianzie pale pale kabatini. Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi, imepita mikononi mwa maelfu ya watoto wetu. Inasimulia jinsi utawala unavyojiimarisha kwa kuwagawa Waketwa na Wakule, na jinsi maskini wanavyopokonywa makao yao. Mtahiniwa huulizwa sifa za mhusika Mangwasha. Mpiga kura anaposubiri uchaguzi wa 2027 ana swali zito zaidi la kuiuliza riwaya hiyo: ni nani anayefaidika sisi tukihesabiana kwa koo? Kando yake pengine kuna Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia ya mama mgonjwa na binti aliyeolewa anayebeba gharama za matibabu yake. Ni nyumba gani Makueni au Kitui isiyoujua mvutano huo? Tamthilia huandikwa isemwe, kwa hiyo familia inaweza kugawana sehemu na kuisoma kwa sauti jioni moja au mbili.

Baada ya hapo ndipo pesa itoke mfukoni, na ningeanza na Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 2021, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa ajili ya deni la baba yake, anaingia bara pamoja na msafara wa tajiri. Msomaji wa Ukambani ana haki ya pekee juu ya kisa hiki. Karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa misafara kati ya bara na pwani, na Kivoi wa Kitui ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Leo malori ya Mombasa yanapita Kambu usiku na mchana. Peponi inamwonyesha msomaji gharama ambayo binadamu alilipa biashara ilipokwenda kwa miguu. Kwa ushairi, ningemtafuta Mkenya Jacob Ngumbau Julius, ambaye Moto wa Kifuu ilimpa Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2018.

Wapo watakaosema watu wetu hawasomi. Miaka ya 1970 David Maillu, mwana wa Ukambani, aliuza vitabu vyake vidogo vya bei nafuu kwa wingi, hata kwa watu waliodhaniwa hawagusi kitabu. Unaweza kuyalaumu maudhui yake, lakini wasomaji walikuwepo. Pingamizi la bei lina uzito zaidi, kwani tangu 2013 serikali imetoza vitabu kodi ya VAT, jambo ninaloliona ni dhuluma kwa nchi inayodai kuthamini elimu. Hata hivyo, kitabu hakiishi kwa kusomwa. Chama cha watu kumi kikinunua nakala moja kila mwezi, kila mmoja atasoma vitabu kumi na viwili kwa mwaka kwa sehemu ndogo ya gharama. Na anayeuliza Kikamba kimeachwa wapi, ana haki: Maillu huyo huyo alichapisha Ki Kyambonie kwa Kikamba mwaka 1972, na tunahitaji wengine wa kumfuata. Lakini Kiswahili ndicho kinachozungumzwa sokoni na barabarani Kambu, na msomaji hahitaji kuacha lugha ya mama ili akifurahie.

Basi, kabla ya kununua chochote, panda juu ya kiti uangalie kabatini. Nguu za Jadi ikiwepo, ishushe uisome tena, safari hii bila kalamu ya kupigia mstari.