Tuache Kumwaga Nakivubo

Wananchi wenzangu wa Kampala, wiki iliyopita pale Namuwongo nilimwona kijana akitoka na pipa la bluu kwenye karakana inayokamua tui na kupika mafuta ya nazi. Aliliinamisha ukingoni mwa mtaro wa Nakivubo, akamimina hadi tone la mwisho. Maji yalikuwa meupe, yameshachacha, utando wa mafuta ukielea juu na machicha yakifuata nyuma. Harufu iliwatawanya waliokuwa wakisubiri boda. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu bila ukali: "Mzee, hapa kila mtu anamwaga." Amesema kweli, na ukweli huo ndio unaonichoma.

Sababu mnazijua: mabomba ya majitaka hayafiki mitaa mingi, gari la kunyonya lina bei, mkaguzi haonekani.

Lakini fuateni maji yale. Nakivubo inabeba uchafu wa katikati ya mji, wa masoko na wa eneo la viwanda, inaupeleka kwenye kinamasi ambacho mafunjo yake tumeyafyeka tukapanda majimbi na miwa, kisha inautoa katika ghuba ya Murchison, kwenye Ziwa Victoria. Kwenye ghuba hiyo hiyo ndipo mitambo ya Ggaba inapovuta maji ya kutuletea nyumbani. Ghuba ilipozidi kuchafuka, dawa za kusafishia zikaongezwa, na hatimaye Shirika la Taifa la Maji likaenda kujenga mtambo mwingine mbali huko Katosi, Mukono. Gharama hiyo tunailipa sisi, kila tunapofungua bomba.

Nazi si sumu, ndiyo maana watu wanaidharau. Sukari, protini na mafuta yake vikioza majini hula oksijeni yote, samaki wakakosa pumzi. Kanuni za umwagaji wa majitaka za mwaka 1999 ziliweka kikomo cha BOD, yaani kipimo cha uozo huo, kuwa miligramu 50 kwa lita. Maji machafu ya nazi hufika maelfu. Na machinjio je? Na wanaotengeneza juisi na maziwa ya mgando? Wote tumo.

Wenye karakana, jengeni shimo la matofali lenye vyumba vitatu, maji yapite taratibu. Mafuta yatapanda juu. Yaengueni kwa upawa kila jioni, watengeneza sabuni watayachukua. Machicha yachujeni kwa kitambaa kabla hayajagusa mfereji, yaanikeni, wapeni wafuga nguruwe na kuku. Maji yaliyochacha yatieni chokaa kupunguza ukali, kisha changeni, karakana tano au sita, mwite gari la kunyonya liyapeleke kwenye kituo cha majitaka. Pale Bugolobi, jirani kabisa na Namuwongo, kuna kituo kilichojengwa kusafisha lita milioni 45 kwa siku. Kinasafisha yanayofika kwake tu. Yaliyomwagwa mtaroni yanakipita mlangoni.

Mamlaka ya Jiji na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nao watimize wajibu wao, wafike mitaani, wapime.

Ninyi wenye mitaji na mafundi, mnaofungulia majitaka usiku mvua ikianza, hamna cha kujitetea. Kijana mwenye pipa anakosa njia. Ninyi njia mnayo, mmeamua kutunywesha uchafu wenu. Katiba yetu, kifungu cha 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi, na kifungu cha 17 kinamdai kila mmoja wetu ayalinde. Haki hiyo tunaidai lini, na tunamsubiri nani?

Mwenye nyumba, usimpangishe mtu wa karakana asiye na shimo la kuchujia. Mnunuzi, uliza maji yao yanaishia wapi kabla hujatoa pesa. Nawasihi, ndugu zangu: wiki hii nendeni kwa mwenyekiti wenu wa LC1, baraza la mtaa, mkiwa wengi, na msiondoke mpaka ataje siku ya kikao cha kuzungumzia majitaka haya.