Sulhu ya Moshi na Funzo Lake

Wapenzi wasomaji, katika Suratul Hujurat, aya ya 9, tumeamrishwa kuyapatanisha makundi ya Waumini yanapopigana, tena kwa uadilifu. Sulhu basi ni ibada, nayo ina elimu yake.

Sisi wa Machame tunao mfano wa karibu. Mwezi wa Machi 1979, Tanzania ikipigana na Idi Amin, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana mjini Moshi siku tatu, tarehe 24 mpaka 26. Vyama vyao vilikuwa vingi, walakin waliungana, wakamchagua Yusuf Lule awaongoze. Tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa. Tarehe 13 Lule akaapishwa kuwa Rais.

Je, mapatano yale yalidumu? La. Shauri moja kubwa halikukatwa wazi: Rais akiteua mawaziri, ni lazima Baraza liridhie? Yeye aliona si lazima. Baraza likaona ni lazima. Tarehe 20 Juni likamwondoa. Mwaka 1981 Waganda walikuwa vitani tena, wao kwa wao.

Ndugu zetu, nanyi vijana, jambo linaloachwa ili watu wapeane mikono upesi ndilo litakalowagombanisha kesho. Ndivyo yalivyo mataifa, na ndivyo zilivyo nyumba zetu. Mnapowasuluhisha ndugu wanaogombea kihamba cha baba yao, semeni wazi mpaka upite wapi na nani apate nini, mashahidi wakisikia. Deni tumeamrishwa kuliandika, sulhu je?

Mwenyezi Mungu atujaalie kupatana kwa haki. Amin.