Muybridge kapewa sifa za Marey

Haya jamani, leo niacheni nigombane na marehemu.

Ukitaja picha za mwendo, kila mtu anakimbilia kwa Eadweard Muybridge na farasi wake. Sawa, ile ya Juni 1878 kule Palo Alto, California, siipingi. Alipanga kamera 12 kando ya njia, farasi akikata uzi kamera inafyatuka, na ikaonekana kweli kuna wakati miguu yote minne iko hewani.

Tatizo langu ni kilichofuata. Mwaka 1887 alitoa Animal Locomotion, kazi aliyoifanyia Chuo Kikuu cha Pennsylvania: kurasa 781 za watu na wanyama wakitembea, wakiruka, wakipanda ngazi. Nyuma yao miraba, chini namba. Unaona sayansi, au sio? Mwanahistoria Marta Braun alizichunguza akakuta nyingi hazifuatani jinsi zilivyopangwa. Picha ikikosekana, nyingine ilizibishwa pale, namba zikaendelea kama kawaida.

Hapo mimi sina ubavu wa kucheka. Niliwahi kuandika programu ya kuchora grafu ya joto la tangi la maziwa. Kipimajoto kikinyamaza, programu yangu ilijaza pengo kwa wastani. Mwenye maziwa aliupenda sana ule mstari ulionyooka, hadi siku aliyofungua tangi na harufu ikamjibu. Kipimajoto kilikuwa kimekufa tangu Ijumaa.

Étienne-Jules Marey, mwanasayansi wa Ufaransa, alikuwa mtu wa aina nyingine. Mwaka 1882 alitengeneza kamera mfano wa bunduki, picha 12 kwa sekunde. Kisha akaanza kupiga picha nyingi juu ya kioo kimoja, ili nafasi na muda vipimike pamoja. Zikapandana, hazisomeki. Je, alizipanga upya? Hapana. Alimvika mtembeaji nguo nyeusi gubigubi, akambandika mistari myeupe kwenye mkono na mguu, akampitisha mbele ya ukuta mweusi. Mtu akatoweka, ikabaki mistari, na pembe ya goti ukaweza kuipima. Waigizaji wa michezo ya kompyuta wanaovaa nguo za vidoto leo wanafuata njia hiyo hiyo.

Picha hizo hazina sura ya mtu wala misuli, na sidhani kama kuna mtu angezitundika sebuleni. Lakini tangi la maziwa ningemwachia Marey.