Port Victoria Tuna Jina la Bandari, Karakana Iko Kisumu

Wasee, leo wacha niseme jambo ambalo watu wa Budalang'i tunalinung'unikia chini ya miti tu. Kila serikali ikisema inafufua usafiri wa Ziwa Victoria, pesa zinashukia Kisumu na stori inaishia hapo. Sisi tunabaki na jina kubwa kwenye ramani. Port Victoria! Ukishuka hapo ukitafuta bandari, utapata mchanga, omena zimeanikwa, na fundi mmoja akigonga misumari kwenye boti iliyopinduliwa.

Na si ati tulikuwa mbali na mpango. Waingereza walipopima njia ya reli ya Uganda mwaka 1891 na 1892, chini ya Kapteni Macdonald, reli ilikuwa inalenga kufika ziwani kwenye ghuba ya Berkeley, hii yetu ya hapa mpakani na Uganda. Baadaye ikapatikana njia fupi zaidi kwenda Kisumu. Reli ikafika huko Desemba 1901, na mahali pakaitwa Port Florence. Mahali reli ilipoishia ndipo meli zikatengenezwa. Simple kama hiyo.

Tayari mwaka 1900, kabla hata treni haijafika, meli ya mvuke iliyoitwa William Mackinnon ilikuwa imeingizwa majini hapo Kisumu. Iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Mombasa kwa meli, na mizigo mingi ikabebwa na wapagazi kwa miguu. Zikafuata nyingine: Winifred, Sybil, Clement Hill. Zote zilihitaji mahali pa kuunganishwa na pa kutibiwa, na ndio maana Kisumu ikapata chelezo.

Kama hujawahi kuona chelezo, fikiria shimo refu lililojengwa kando ya ziwa, lina lango. Meli inaingia ikielea, lango linafungwa, maji yanapigwa pampu hadi yaishe, na meli inabaki imekalia magogo chini. Sasa fundi anaweza kutembea chini ya tumbo la meli, akakwaruza uchafu, akabadilisha bati lililoliwa na kutu, akaangalia panga na usukani. Akimaliza, maji yanarudishwa na meli inaelea tena. Kando kuna karakana ya kuchomelea na kukereza vyuma.

Hiyo huduma bado ina faida. MV Uhuru, iliyounganishwa hapo Kisumu miaka ya 1960 kubeba mabehewa ya treni, ilikaa zaidi ya miaka 10 bila kazi, halafu ikafufuliwa 2019 na ikaanza kubeba mafuta kwenda Uganda. Mwaka 2021 Kisumu ikapata uwanja mpya wa Kenya Shipyards, na hapo ikaundwa MV Uhuru II, yenye urefu wa karibu mita 100, kwa kushirikiana na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Mimi siwaonei wivu watu wa Kisumu. Vijana wa Kenya wakichomelea meli kubwa hivyo, hiyo ni heshima yetu sote.

Lakini tuulizane: karakana ni ya nani? Ya mkoloni ilihudumia reli na mizigo ya pamba na kahawa iliyokuwa ikienda ng'ambo. Mvuvi wa Bunyala hakuwa kwenye hesabu. Sai mkoloni ameenda, na bado mvuvi wa Bunyala hayuko kwenye hesabu. Boti yake ikipasuka ubao, inavutwa mchangani na watu kumi na kitu wakiimba. Fundi anaziba mapengo kwa pamba na kupigilia bati juu. Injini ikikataa, anapanda gari kutafuta spea, na hizo siku zote nyumbani hakuna pesa. Wengine hawangoji. Wanaingia ziwani na boti inayovuja, mmoja akivua, mwingine akichota maji na kopo.

Najua kuna mtu atasema, "Boti ya mbao haihitaji chelezo, wacha drama." Ni kweli, haihitaji. Hakuna anayeomba shimo la mabilioni Port Victoria. Tunachoomba ni kidogo: mteremko wa saruji unaoingia majini, winchi ya kuvutia boti, kibanda chenye umeme wa kuchomelea, na fundi wa injini anayelipwa kufundisha. Ziwa likipanda au Nzoia ikifurika, na sisi tunajua mafuriko kuliko mtu yeyote, boti ndiyo gari la kuokoa watu. Ikiwa mbovu siku hiyo, haiharibu biashara peke yake. Inaua.

Halafu kuna kazi. Vijana wa hapa wanakimbilia bodaboda Busia au mjengo Nairobi, na huku ziwa liko mlangoni. Wazee wanaojua kuunda boti wanazeeka na ujuzi wao mikononi, hauna cheti wala mwanafunzi. Kwa nini kijana wa Bunyala asiende Kisumu miezi sita kujifunza, halafu arudi Port Victoria kufungua karakana ndogo pamoja na hao wazee?

Kwa hivyo bajeti ya kaunti ya Busia ikija kwenye mikutano ya wananchi, tusiende kupiga selfi na kula soda tu. Tuandike kwenye karatasi: mteremko, winchi, umeme, mwalimu. MCA akisema "tutaangalia", mwulize ni mwaka gani wa fedha na ni shilingi ngapi. Kisumu haikupata chelezo kwa bahati. Kuna watu walikaa mezani wakaamua meli zao lazima zitengenezwe. Boti zetu nazo zinahitaji watu mezani, na hao watu ni sisi.