Hiyo ya skrubu tatu

Ndugu mwandishi, bei ya risasi umeieleza vizuri, ila umri wa hizi bastola za silinda za .22 umeupita mbio mno. Ruger walianza kuuza Single-Six mwaka 1953, na zile za kabla ya 1973 zilitoka kiwandani bila kile kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu kidole kinapovuta kifyatulio. Ikidondoka sakafuni na nyundo imekaa juu ya risasi, inaweza kufyatuka yenyewe. Ndiyo maana wazoefu wa Marekani hutia risasi tano kwenye matundu sita, nyundo ikalala juu ya tundu tupu. Kiwanda chenyewe kimekuwa kikibadilisha vipuri vya bastola hizo bure, na hukurudishia vya zamani (wakusanyaji hawaachi kitu!).

Halafu zile zenye silinda mbili, moja ya .22 ya kawaida na nyingine ya .22 Magnum. Risasi ya kawaida ya .22 inaingia kwenye silinda ya Magnum bila ubishi, lakini usithubutu: tundu ni pana kuliko ganda, ganda linavimba au kupasuka, na gesi moto inakurudia.

Mengine tuko pamoja. Kujaza risasi moja moja kupitia kile kijimlango cha ubavuni, kisha kusukuma maganda nje kwa kijiti, wenye haraka wanalalamika. Kwangu ndiyo raha yenyewe.

Sasa hiyo ya kwenye picha yako naona ina skrubu tatu ubavuni, yaani ni ya zamani. Imeshabadilishwa?