Mutoto wa matata si mulozi: vijana tusimame na familia zenye TDAH

Wandugu, kuna neno ambalo sisi wote wa Lubumbashi tumelisikia tangu utoto: kichwa nguvu. Mutoto hakai kwenye banki dakika kumi, kichwa nguvu. Wamemutuma chumvi, anarudi na stori ya mbwa aliyemuona njiani na chumvi ameisahau, kichwa nguvu. Anakata neno la mukubwa, anapoteza kalamu tatu kwa juma moja, anapanda muembe wa jirani, ni fimbo. Na fimbo ikishindwa, maneno yanabadilika. Shangazi anasema polepole: "Uyu mutoto haiko wa kawaida. Umupeleke ku maombi."

Tunajua njia hiyo inaishia wapi. Inaanzia kwenye chumba cha maombi, na kwa wengine inaishia usiku kwenye soko la Mzee, mutoto wa miaka tisa akilala juu ya karto.

Leo tunaongea juu ya ile hali ambayo wanganga wanaita TDAH. Ni herufi za Kifaransa, na maana yake ni hii: akili haishiki mahali pamoja, mwili hautulii, na mukono unatenda kabla kichwa hakijafikiri. Haitoki kwa malezi mabaya, haitoki kwa bulozi. Mara nyingi inapita ndani ya familia, ndiyo maana ukimuuliza bibi vizuri, atakuambia baba wa mutoto naye alikuwa vile vile, walimufukuza masomo mara mbili.

Wengine watasema ni ugonjwa wa Wazungu. Hapana. Mwaka 2005, munganga Mukongomani Espérance Kashala na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwenye masomo ya Kinshasa, juu ya watoto 1,187 wa miaka 7 mpaka 9. Kwa kufuata majibu ya walimu, karibu asilimia 6 walikuwa na alama za TDAH. Fanya hesabu mwenyewe: darasa la watoto 50, ni watatu. Na tangu masomo ya msingi yaanze kuwa ya bure Septemba 2019 (jambo zuri, hatulirudishi nyuma), nani kati yetu bado anaona darasa la watoto 50 tu kule Ruashi ao Katuba?

Tena sisi ni wa muji wa shaba. Watafiti wa UNILU pamoja na wale wa Leuven walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana madini mengi ndani ya mikojo yao, na risasi ni mojawapo. Risasi inaharibu akili ya mutoto, hasa nguvu ya kutulia na kufuata jambo. Hatusemi kila mutoto asiyetulia wa Penga-Penga amelishwa sumu. Tunasema wamupime. Hilo tutalirudilia siku ingine, ju ni vita yake yenyewe.

Sasa familia inakimbilia wapi? Hapa kwetu iko Centre Joseph Guislain, ya magonjwa ya akili, inayojulikana na watu wote. Lakini mama wa Kenya anaogopa kuonekana kwenye mulango wake, ju kesho avenyi nzima itasema mutoto wake ni mwenda wazimu. Na dawa? Ile inayotumiwa sana ngambo inaitwa methylphenidate. Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa za lazima. Kwa hiyo familia ikingojea paka kidonge, itangoja sana.

Hapa ndipo tunataka mushike neno letu. Shirika lilo hilo, kwenye mwongozo wake kwa vituo visivyo na wataalamu, halianzi na dawa. Linaanza na muzazi na mwalimu: kuwafundisha namna ya kuongea na mutoto, kupanga siku yake, kumusifu mapema, kuacha fimbo. Dawa inakuja nyuma, kwa mutoto wa miaka 6 na zaidi, na munganga anayeijua kazi hiyo ndiye anaamua. Ni kusema kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kwanza inaweza kufanywa na watu. Na watu, Lubumbashi, tuko nao. Tuko nao wengi wamekaa, na diplome kwenye fareda.

Tunasikia tayari kilio: kujitolea tena? Sisi ambao tunatafuta kazi mwaka wa tatu, tukapewe tena kazi bila mushahara? Kilio hicho ni cha haki. Tumechoka na maofisi yanayochukua kijana miezi sita "kwa kujizoeza" kisha yanamushukuru na cheti. Sisi hatutaki kazi hiyo iwe mwanya wa serikali kukimbia deni lake. Mwalimu wa kusaidia watoto wa namna hii anapashwa kulipwa, na sheria ya 2022 juu ya watu wanaoishi na ulemavu inatupa pa kuanzia madai. Tutadai. Lakini mutoto aliye na miaka minane leo hatangoja bajeti ya 2030. Akikosa miaka miwili ya masomo, amekosa.

Ngambo pia walianza vile. Kule Marekani, CHADD iliundwa mwaka 1987 na wazazi na waalimu waliochoka kuwa peke yao. Kule Ufaransa, HyperSupers ilianza mwaka 2002, nayo kazi ya wazazi. Hawakungoja waziri. Na sisi hatuhitaji kuiga jina wala ofisi yao, ju tuko na kitu chetu: likelemba. Kila mama wa muji huu anajua kukaa kwenye kikundi, kuheshimu zamu, kutunza siri ya franga ya mwenzake. Basi wazazi sita ao saba wa avenyi mbili wakutane Siku ya Mungu kisha misa, zamu kwa zamu nyumbani kwa mumoja. Badala ya franga, wanaleta juma lao: nini kilishinda, nini kilisaidia. Mama mumoja wa Katuba alituambia kitu tunachokikumbuka: "Fimbo ya jirani haiumize mutoto sawa mudomo yake. Ile njo inabakia." Hakuwa na mutu wa kumuambia hayo kabla.

Kijana wa kujitolea anafanya nini hapo? Anasimama na familia, na haitoi jina la ugonjwa. Hilo tunalisisitiza, ju tunajijua: tukisoma kurasa mbili kwenye telefone, kesho tutamuita kila mutoto TDAH. Alama zinapashwa kuonekana kabla ya miaka 12, na zaidi ya mahali pamoja, nyumbani na masomoni. Mutoto anayeruka kwa mwalimu tu, pengine tatizo ni mwalimu. Mutoto asiyeshika masomo pengine hasikii vizuri, ao amelala na njaa, ao malaria ilimupiga kichwani. Ni munganga anayetenganisha hayo. Kazi yetu ni kumusindikiza mama mpaka kule, kukaa naye kwenye mustari, na kuongea Kifaransa cha ofisi pale anapoogopa kukiongea.

Kazi ingine ni ya mangaribi. Saa moja ya kumusaidia mutoto afanye kazi ya masomo, kabla SNEL haijakata. Vipande vifupi: hesabu mbili, anainuka, anachota maji, anarudi, hesabu mbili. Neno moja kwa mara moja. Ukimuambia "vaa viatu, kamata kitabu, ufunge mulango", amesikia viatu tu. Masomoni, mwalimu akubali kumuweka banki ya mbele, mbali na dirisha, na yeye ndiye awe mufutaji wa tablo. Haihitaji franga. Inahitaji mutu aende kuongea na direkteri kwa heshima, bila kelele. Mwaka jana sisi tuliona mutoto wa Ruashi akifukuzwa kwenye masomo fulani kwa sababu "anasumbua wengine". Alikuwa wa tatu kwa hesabu. Hakuna aliyekwenda kumutetea, ju baba alikuwa na aibu.

Na mabinti, wandugu. Mutoto mwanamuke mwenye TDAH mara nyingi haruki. Anakaa kimya, macho kwenye dirisha, akili iko Likasi. Hasumbui mutu, basi hakuna anayemuona. Watasema ni muvivu, hana akili, aolewe mapema. Mukitafuta paka wale wanaopiga kelele, hamutawaona hawa.

Juu ya bulozi tuongee wazi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mutoto, kwenye kifungu cha 160, inasema anayemusingizia mutoto bulozi mbele ya watu, kwa makusudi na ubaya, anapata kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, na amande juu yake. Watumishi wengi wa Mungu wanalea watoto vizuri, hatupigani nao, na wale wa Bakanja wamewapokea watoto wa barabarani kwa miaka mingi. Lakini yule anayemufunga mutoto kwa kufunga njaa "ili shetani atoke", huyo afikishwe mbele ya tribinali. Kila kikundi chetu kiwe na nakala ya kifungu hicho. Onyesheni familia kabla ya kuonyesha polisi. Mara nyingi karatasi yenyewe inatosha kumurudisha mutoto nyumbani.

Tunayoomba ni machache. Fakilte ya Saikolojia ya UNILU itume wanafunzi wa staji kwenye vikundi vya wazazi, wasibaki kwenye maofisi wakipanga karatasi. Centre Guislain itupe siku mbili za mafunzo, tutakuja na chakula chetu. Idara ya elimu ya jimbo iwaandikie madirekteri kwamba kumufukuza mutoto kwa sababu hatulii si adhabu, ni kumunyima haki ambayo Katiba inamupa kwenye kifungu cha 43.

Na ninyi munaosoma hii kwenye telefone na tayari mumefungua kurasa zingine ine, pengine mumejitambua ndani yake. Muje pia. Kikundi cha Kampemba na cha Kamalondo vianze na wazazi watano kila kimoja, kisha salongo inayokuja mutuambie ni masomo gani yamekubali banki ya mbele, na ni gani yamekataa.