Nani Aliwahesabu Ambao Hawakupona?

Wengi wetu tunaoishi Arusha na katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru tunaikumbuka safari ya Loliondo ya mwaka 2011. Magari yalitoka mjini usiku na mchana kwenda kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Alitoa kikombe kimoja cha dawa ya kuchemsha ya mti wa mugariga, kwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba kikombe hicho kinaponya kansa, kisukari, ukimwi, pumu na shinikizo la damu. Foleni ikawa ndefu mno, hata mwishoni mwa Machi mwaka ule Babu mwenyewe akaomba watu wasiende kwanza mpaka ipungue. Wapo wagonjwa waliofariki njiani wakisubiri zamu yao.

Babu alifariki Julai 2021, nasi hatuna nia ya kumsema marehemu. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Tunalouliza ni hili: katika maelfu yale waliokunywa, nani aliwahesabu ambao hawakupona?

Aliyepata nafuu alirudi nyumbani akasimulia jirani, kanisani na sokoni. Aliyezidiwa alizikwa, na maiti hatoi ushuhuda. Hivyo tulisikia upande mmoja tu. Tena magonjwa ya muda mrefu yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Presha ya leo si ya kesho. Maumivu ya kansa huweza kupungua wiki moja na kurudi nyingine. Mtu hutafuta dawa siku anapojisikia vibaya kuliko siku zote, na kwa kawaida siku zinazofuata huwa na unafuu kidogo, awe amekunywa kikombe au maji ya kisimani. Na aliyekuwa anameza vidonge vya hospitali hadi juzi, dawa ile bado inafanya kazi mwilini mwake. Sifa anapewa kikombe.

Wataalamu waliichunguza dawa ile wakasema haimdhuru mnywaji. Wengi wetu tulishangilia, kana kwamba wamesema inaponya. Lakini kutokuwa na sumu ni jambo moja, na kuponya ni jambo jingine. Madhara yalitokea kwa njia nyingine: wapo walioacha dawa za ukimwi na za kisukari baada ya kunywa, na waganga wa hospitali wakawapokea hali ikiwa mbaya.

Msomaji asidhani kwamba tunadharau mitishamba. Katika nyua nyingi za Arusha kuna ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye majani ya kung'aa, ambalo asili yake ni Bukini. Katika nchi mbalimbali wazee walichemsha majani yake kwa ajili ya kisukari. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Kanada walipoyapima hawakuona faida kubwa kwa sukari, ila waliona kwamba yanapunguza chembe nyeupe za damu. Kutokana na ua hilo zikapatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini, ambazo mpaka leo hutibu kansa ya damu ya watoto na kansa ya tezi. Wazee walikuwa sahihi kwamba mmea una nguvu, ila walikosea ugonjwa. Bila kupima na kuhesabu tusingelijua hilo kamwe. (Na tafadhali, mtu asiende kulitafuna ua hilo. Ni sumu, na hospitali hutoa dawa yake kwa kipimo kidogo sana.)

Wala utafiti wa kansa si mambo ya Ulaya peke yake. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili. Akaanza kuandika kila mtoto wa namna hiyo aliyemwona. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walinunua gari kuukuu wakasafiri kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakisimama hospitali baada ya hospitali kuuliza swali lilelile: mmeuona uvimbe huu? Waligundua kwamba unafuata sehemu za joto na mvua zenye malaria nyingi, na kwamba kwenye miinuko ya baridi ni haba. Kisha watoto wale wakapewa dawa za kansa, kila mmoja akafuatiliwa, na ikaonekana kwamba baadhi yao wanapona kabisa kwa dawa, bila kisu. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu na kuuchunguza ugonjwa huo. Madaktari wa nchi tajiri walijifunza kutoka kwa watoto wa Afrika Mashariki kwamba kansa huweza kuponywa kwa dawa. Jambo hili halifundishwi vya kutosha katika shule zetu.

Tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, walianza kuingizwa katika utafiti wa chanjo ya kansa ya mlango wa kizazi. Kwa kura, wengine walipewa sindano moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili karibu wote waliochanjwa mara moja walikuwa na kinga katika damu. Utafiti huo na mingine, ukiwamo wa Kenya, ulisaidia Shirika la Afya Duniani kukubali sindano moja mwaka 2022, na mwaka 2024 Tanzania nayo ikafuata. Binti wa Usa River au Ngaramtoni anayechanjwa mara moja leo ana deni kwa wale wa Mwanza.

Hata hivyo tunaelewa kwa nini watu wanaogopa. Neno lenyewe "majaribio" linatisha. Na wapo watafiti wanaokuja, wanatoa damu, wanaondoka, na kijiji hakisikii tena walichokiona. Hilo ni kosa, na viongozi wa vijiji wana haki ya kudai matokeo yasomwe mkutanoni, kwa Kiswahili.

Lakini kuogopa kusitufanye tukatae bila kuuliza. Ukiombwa kushiriki, uliza kama utafiti una kibali cha NIMR. Uliza utapewa dawa gani ukiangukia kundi la pili. Katika utafiti wa kansa kundi hilo kwa kawaida hupewa matibabu yanayotumika hospitalini siku zote, haliachwi hivi hivi. Uliza nani atagharimia ukidhurika. Una haki ya kukataa, na ya kujitoa hata katikati, bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Kama hujui kusoma, usomewe mbele ya shahidi unayemwamini.

Maswali hayohayo muulize na muuza dawa wa sokoni Kilombero au Tengeru anayekuambia chupa yake inatibu kansa. Ulimpa wangapi? Wangapi wako hai baada ya mwaka? Nani aliwapima kabla na baada? Akikasirika, funga pochi.

Mama mwenye uvimbe kwenye titi asikae nao mwaka mzima akihama kutoka chupa hii hadi chupa ile. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Aanzie zahanati iliyo karibu, apelekwe Mount Meru, na ikibidi KCMC Moshi au Ocean Road, Dar es Salaam. Kama anatumia mitishamba amwambie daktari bila aibu, maana baadhi hugombana na dawa za kansa. Na kama huko ataombwa kuingia katika utafiti, asitie sahihi siku hiyohiyo. Aombe nakala ya fomu, aje nayo nyumbani, wakae na mumewe, dada zake au yeyote amwaminiye, waisome yote, na maswali yao wayaandike nyuma ya karatasi kabla ya kurudi kliniki.